Dawa za Katekista

Ukitaka kumjua Aurelia wa Maguu, msikilize asubuhi akimbembeleza paka. Maneno yenyewe ni matusi matupu. "Fungua mdomo, mwizi wewe. Fungua, mla bure, nisije nikakuvunja taya." Huku mkono mmoja umeshika kidonge kilichokatwa mpaka kimebaki kama chenga ya mchele, na mkono wa pili umemkumbatia mgonjwa ndani ya khanga kuukuu, kichwa tu ndicho kiko nje, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Na machozi yanamlengalenga. Huyo ndiye Aurelia. Akikupenda atakutukana, asipokupenda atakusalimia vizuri.

Paka mwenyewe aliitwa Katekista. Msicheke. Beata, binti wa pekee wa Aurelia, alimwokota akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, kwenye kibanda cha kumenyea kahawa, mweusi tii na kifua cheupe. Kila jioni mama na binti wakipiga magoti kusali rozari, paka yule alikuwa anakaa mbele yao, amewageukia, anawatazama kama anayetaka kujua nani anasinzia. Beata akasema, "Mama, huyu ndiye katekista wetu." Jina likakaa. Hata Padri alilisikia na hakuchukia.

Basi Beata akakua, akamaliza kidato cha nne, akasema anataka kuwa sista.

Aurelia alikuwa mjane tangu binti huyo hajaanza shule, na mtoto mwingine hakuwa naye. Alisema yote ambayo mama anaweza kusema, na mengine ambayo mama hapaswi kusema. Nani atashika mibuni hii? Nani atanizika? Mjukuu nitampata wapi, nitamnunua sokoni? Beata alilia lakini hakurudi nyuma. Na huku kwetu Umatengoni mtoto akienda utawani ni sherehe ya parokia nzima, watu wanakupongeza mpaka unaona aibu kulia. Siku ya kumsindikiza zikapigwa ngoma, ukapikwa wali, jumuiya ikaimba mpaka sauti zikakauka. Kuanzia siku hiyo Aurelia akaitwa Mama Sista. Aliitikia, akatabasamu, akarudi nyumbani kusonga ugali wa mtu mmoja.

Huko kwenye nyumba ya malezi wasichana hawaruhusiwi kuwa na simu. Wanapewa ya nyumba, Jumapili moja kila mwezi, mmoja anaongea na mwenzake anasubiri. Simu za mwanzo zilikuwa mateso. "Shikamoo, mama." "Marahaba." "Hujambo?" "Sijambo." "Na shamba?" "Lipo." Baada ya hapo kimya. Aurelia alikuwa na mambo ya kujaza debe, lakini hasira ilikuwa imemfunga mdomo, na kila aliposikia ile sauti ya upole ya kitawa, ambayo si sauti ya Beata wake aliyekuwa anapiga kelele mpaka kule bondeni, alizidi kufunga.

Mpaka Jumapili moja Katekista akapanda mapajani na kulia karibu na simu, nyau refu la kudai chakula. Beata akacheka. Jamani, akacheka! Kile kicheko chake cha zamani cha kukoroma puani. "Mama, ni yeye? Hajaacha tu ulafi? Mpe simu nimsalimie." Aurelia akamwekea paka simu sikioni, paka akainusa, na wote wawili wakacheka, mmoja huku na mmoja kule.

Tangu siku hiyo simu zikawa za paka. Katekista ameiba nini, Katekista amepigana na nani, Katekista ameingia kwenye kikapu cha sadaka. Aurelia alikuwa anakusanya vituko vyake mwezi mzima, na siku vikikosekana alibuni. Mwaka wa pili wa malezi Beata alipelekwa ziwani, upande wa Lituhi, kusaidia kwenye zahanati ya masista, na kwenye simu akajaribu kusimulia habari za huko, kina mama wa pwani, samaki, joto. Aurelia akasema, "Enhe, halafu unajua Katekista amepanda juu ya dari?" Hakutaka kusikia habari za mahali ambapo mwanawe anaishi vizuri bila yeye.

Kwa hiyo paka alipoanza kuugua, msimshangae mama huyu. Alianza kwa kunywa maji. Anakunywa, anakojoa, anarudi kunywa, mpaka anaingiza kichwa ndani ya ndoo. Mwili ukapungua, manyoya yakasimama, asubuhi akawa anatapika povu. Hedwiga, jirani yake wa mlango kwa mlango, akamwangalia akasema, "Dada, huyo ni mzee. Mwache aende zake, nitakupa mwingine, yule wangu ana watoto." Aurelia akamjibu, "Na wewe nikikuona umezeeka nimwambie mumeo akutupe, nitampa mwingine?" Akamtia paka kwenye tenga, akalifunika kwa neti, akapanda bodaboda mpaka Mbinga mjini.

Daktari wa mifugo, Daktari Cuthbert, alikuwa kijana mpole aliyezoea ng'ombe na nguruwe. Alimpapasa paka tumboni, akatoa damu, akaipeleka kupimwa, na mchana aliporudi akavuta kiti akakaa karibu na Aurelia. Aurelia anajua. Daktari akivuta kiti ujue si heri.

"Mama, figo zake zimechoka. Ugonjwa huu hauponi. Tunaweza kumsaidia aishi vizuri kwa muda, lakini ni kazi. Dawa ni nyingi na kila moja ina wakati wake."

"Muda gani?"

"Wengine miezi. Wengine mwaka na zaidi, wakitunzwa."

Beata alikuwa amebakiza mwaka kasoro kufunga nadhiri za kwanza, na baada ya nadhiri wangempa likizo ya kuja kumwona mama. Aurelia akapiga hesabu zake kimoyomoyo. Akasema, "Nifundishe."

Akafundishwa. Kwanza dawa ya kuzuia kichefuchefu, tumbo likiwa tupu. Kisha kusubiri kabla ya chakula. Kwenye chakula achanganye unga mweupe wa vidonge vilivyosagwa, maana unga huo ndio unaokamata uchafu wa nyama tumboni kabla haujaingia kwenye damu, na ukimpa bila chakula ni kazi bure. Kisha dawa ya presha. Aurelia akashangaa, paka ana presha? Anayo, mama, figo zikichoka presha inapanda, na presha ikipanda inaziua figo zilizobaki. Mwisho, baadhi ya siku, dripu, ila si ya mshipani. Unavuta ngozi ya mgongoni, unachoma sindano chini yake, maji yanaingia na kufanya nundu kama ya ng'ombe.

"Na chakula, mama. Wali, ute wa yai, nyama na samaki kidogo sana. Chumvi, hapana. Chumvi kwake ni sumu. Hata mchuzi wenu wa mezani usimpe."

Aurelia alilishika neno hilo kuliko mengine yote. Aliporudi nyumbani alichukua kopo la chumvi akampelekea Hedwiga, akasema, "Kaa nalo." Ili asije akajisahau, ili kijiko kisije kikachanganywa, akaanza kupika maharage yake mwenyewe bila chumvi. Hedwiga akaonja siku moja, akatema. "Mama Sista, umefunga Kwaresima ya nani?" Aurelia akasema chakula hicho kimezoeleka tu. Hakikuzoeleka. Kila tonge lilikuwa linamshinda kooni, lakini alikula.

Na zile dawa, alizitoa kama misa, hakuruka kitu. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, kwa hiyo baada ya dawa ya kichefuchefu alisali rozari nzima bila haraka, na litania ya Bikira Maria, ndipo akaleta chakula. Chupa ya dripu aliitundika kwenye msumari wa kalenda ya jimbo. Mara ya kwanza kumchoma sindano alijichoma mwenyewe kidole, akamtukana paka, akamwomba radhi, akaanza upya.

Kikwazo kilikuwa ile ya presha. Chungu hiyo, basi tena. Akimlazimisha, paka anatoa povu na kuitema ukutani. Akiiweka kwenye wali, anakula wali na kuiacha chenga peke yake kwenye sahani, safi, imerambwa. Ndipo Aurelia akapata akili ya usipa. Wale samaki wadogo wadogo wa ziwani, wanaoletwa Mbinga sokoni kwa magunia. Alinunua, akawaloweka kwenye maji ya moto walainike, akampasua mmoja tumbo kwa ukucha, akaitia dawa ndani, akafunika. Katekista akameza bila kutafuna, akataka mwingine. Aurelia akapiga vigelegele mpaka Hedwiga akatoka nje kuuliza kuna harusi gani.

Basi ikawa hivyo. Usipa wa dawa ya presha, unga mweupe kwenye wali uliopondewa usipa kidogo ili aukubali. Na yale maji waliyolowekwa, yenye harufu nzuri, hakuyamwaga, alimwekea kwenye bakuli anywe, kwa sababu daktari alisema maji ni muhimu. Na paka alikuwa anayanywa kweli kweli. Alimaliza bakuli akaenda kwenye ndoo. Aurelia alifurahi. Alisema moyoni, anazisafisha figo huyo.

Miezi ikaenda. Kwenye simu Beata aliuliza, "Katekista hajambo?" na Aurelia akajibu, "Mzima, ananenepa." Hakumwambia ugonjwa. Alijiambia kwamba hataki kumvuruga mtoto kwenye malezi, lakini ukweli ni mwingine na tuuseme: alikuwa anaogopa. Akifa paka huyu, yeye na mwanawe hawana la kusema. Watarudi kwenye "sijambo" na "lipo," na simu zitafupika, na siku moja hazitapigwa. Hilo ndilo lililokuwa linamwamsha alfajiri kukata vidonge kwa wembe.

Lakini paka hakunenepa. Alikonda. Siku moja Aurelia alimwona anatembea akagonga mguu wa meza. Akacheka kwanza, akamwambia umelewa? Paka akajikusanya, akatembea tena, akagonga stuli. Aurelia akamnyanyua, akamwangalia machoni. Macho yalikuwa meusi yote, wazi kabisa, na alipopitisha kidole mbele yake hayakupepesa. Alikaa chini sakafuni pale pale.

Daktari Cuthbert akasema ni presha. Imepanda mpaka imepasua mishipa ya macho. Akaongeza dawa. Akauliza, "Mama, chumvi hapati?"

"Chumvi! Daktari, hata mimi mwenyewe sili chumvi."

"Kweli?"

"Muulize jirani yangu. Kopo liko kwake."

Daktari akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema hajawahi kuona mtu anayemtunza mnyama hivyo. Aurelia akarudi nyumbani na sifa zake na paka kipofu. Dawa zikawa nyingi zaidi, na usipa wa kuzifichia wakawa wengi zaidi.

Nadhiri zikafungwa. Aurelia alikwenda, akakaa mbele, akamwona mwanawe kalala kifudifudi mbele ya altare, akapigiwa makofi na watu asiowajua. Hakulia. Beata alipata ruhusa ya kuja nyumbani wiki iliyofuata, na mama yake akatangulia kurudi kwa sababu ya dawa za jioni.

Akaja. Shela nyeupe, sketi ya kijivu, begi dogo. Mtaa mzima ukatoka kumpokea, shikamoo za hapa na pale, Hedwiga akambeba juu juu. Alipoingia ndani akaita, "Katekista!" Na yule paka, kipofu, mifupa mitupu, akainuka kwenye gunia lake karibu na jiko, akageuza kichwa upande wa sauti, akaja akigonga kila kitu njiani mpaka akafika kwenye miguu yake.

Beata akapiga magoti. "Mama. Amekuwaje?"

"Anaumwa kidogo," akasema Aurelia. "Lakini namtibu. Amekusubiri."

Asubuhi yake Aurelia alitaka mwanawe aone. Alikuwa na fahari, na kwa nini asiwe nayo? Alipanga dawa zake zote juu ya ungo, akaeleza hii ya nini na hii ya nini. Akasali rozari yake, Beata akaitikia. Akaleta bakuli la usipa waliolowekwa. "Sasa angalia utundu wa mama yako," akasema, akapasua tumbo la samaki, akatia dawa, akafunika.

Beata alicheka, akachukua usipa mmoja mkavu kutoka kwenye mfuko, akamvunja kichwa na kumtia mdomoni, kama wafanyavyo kina mama wa ziwani wakipima mzigo wa mwenzao. Alitafuna mara moja. Kisha akaacha kutafuna.

"Mama, hawa umewatoa wapi?"

"Mbinga, sokoni. Wazuri, hawana mchanga."

"Unampa hawa kila siku?"

"Kila siku. Na maji yake anakunywa. Kwa nini?"

Beata alimtema yule samaki kiganjani. Aliweka mkono juu ya mkono wa mama yake, ule wenye samaki. "Mama, kuna usipa wanaoanikwa juani hivi hivi. Na kuna wanaochemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi, hasa jua likikosekana, ili wasiharibike njiani kuja huku juu. Hawa wamechemshwa. Wana chumvi nyingi sana."

Aurelia akacheka. "Hiyo si chumvi, wewe. Hiyo ndiyo ladha ya ziwa."

"Ladha gani?"

"Ya ziwa! Usipa wote wako hivyo tangu nimezaliwa. Si wanaishi humo kwenye maji ya chumvi?"

Kutoka juu ya kilima cha Maguu, siku ya anga safi, ziwa linaonekana kama utepe mweupe chini kabisa. Aurelia aliutazama utepe huo maisha yake yote akilima ngoro, yale mashimo ya kilimo ya mteremkoni, na hakuwahi kushuka. Hakuwa na ndugu huko. Usipa walipanda wenyewe kumfuata, wana chumvi, akajua kwamba huko chini ni chumvi. Nani angemwambia vingine, na kwa nini angeuliza?

"Mama," Beata akasema, na sasa sauti ilikuwa inamkatika. "Ziwa halina chumvi. Maji yake nimeyanywa mwaka mzima. Tulikuwa tunayasongea ugali."

Aurelia alimtazama yule samaki mkononi mwake. Aliutoa ulimi, akalamba kidogo. Halafu akalamba tena. Alikuwa hajala chumvi mwezi baada ya mwezi, na sasa ilimchoma ulimi kama pilipili.

Alichofanya baada ya hapo si kizuri lakini ndivyo ilivyokuwa. Alitupa bakuli ukutani. "Umetoka huko kwenu kuja kunifundisha samaki!" akapiga kelele. "Ulikuwa wapi? Naamka alfajiri nakata vidonge, namchoma sindano, najichoma na mimi, nasali, nakula maharage kama ng'ombe, wewe ulikuwa wapi? Uko huko unakunywa maji ya ziwa! Ungenambia! Ungenambia kwamba halina chumvi!"

"Nilikuwa nakusimulia habari za ziwa, mama. Ulikuwa hutaki."

"Uliniuliza habari za paka tu!"

"Nilikuuliza hali yako kila simu. Kila simu, mama. Ulisema sijambo."

Aurelia akafuta mikono kwenye khanga. Alitoka nje akaenda kukaa kwenye mibuni, na Hedwiga aliyesikia yote kupitia ukutani alifika, akakaa naye, na kwa mara moja katika maisha yake hakutania.

Wakampigia Daktari Cuthbert, akaja mwenyewe na pikipiki mchana huo. Alimpima paka kwa muda mrefu. Aurelia akamwambia wazi, bila kujificha, "Daktari, nilikuwa namlisha sumu. Dawa na sumu, pamoja, kwenye tumbo la samaki mmoja." Mtu mwingine angesema si kosa lako, mambo yakaisha. Yeye alisema, "Mama, ugonjwa haukuletwa na chumvi. Figo zilikuwa zimechoka toka mwanzo. Lakini imeziharakisha. Siwezi kukudanganya." Kisha akasema dawa sasa hazisaidii tena, ziachwe. Mpeni joto, mlowesheni midomo. Kama anateseka ninayo sindano ya kumpumzisha.

Aurelia akasema hapana sindano. Na kuacha dawa pia alikataa. Daktari alipoondoka alikata vidonge vyake kama kawaida, akamfunga mgonjwa kwenye khanga, akamwambia, "Fungua mdomo, mwizi wewe." Katekista hakufungua. Hakukaza taya wala hakuleta ukorofi. Aurelia alimfungua mwenyewe kwa kidole, akaweka dawa juu ya ulimi, ikakaa pale pale, kisha ikateleza ikaanguka kwenye khanga. Akaiokota, akairudisha. Ikaanguka tena.

"Mama, basi," Beata akasema.

"Hajameza."

"Hawezi, mama. Basi."

Akaacha. Alimpa Beata yule paka, akakusanya vidonge, unga, sindano na chupa ya maji, akavitia kwenye mfuko, akaufunga fundo gumu. Alilia sasa, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, na hakujali nani anasikia. Hakuna uchungu kama wa kujua kwamba ulijitahidi, na kujitahidi kwenyewe ndiko kulikoua.

Katekista alikufa kesho yake, watu wanatoka misa ya pili, juu ya sketi ya kijivu ya Beata, jua limeingia mlangoni. Alivuta pumzi, akavuta nyingine, nyingine haikuja. Walimzika kwenye mibuni. Hedwiga alichimba. Aurelia akamgeukia mwanawe akasema, "Wewe ndiye sista. Sema kitu." Beata akafungua mdomo, akasema, "Sina sala ya paka, mama," akaanza kulia kama mtoto, shela ikamwanguka mabegani na hakuirudisha. Aurelia alitamani kumshika. Alisimama na jembe mkononi mpaka hamu hiyo ikapita.

Siku zilizobaki walikaa vizuri, vizuri mno. Walichuma kahawa pamoja, wakapika, wakasali rozari wakitazama mahali patupu mbele yao. Kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake. Beata alipopanda bodaboda kurudi utawani, walipeana mkono kama watu waliokutana kwenye semina.

Jumapili ya simu ikafika. Aurelia alikaa kwenye kigoda tangu watu watoke kanisani, simu iko mapajani. Alikuwa ametafuta la kusema mwezi mzima. Kahawa imekuwa nzuri, atasema hilo. Hedwiga amevunjika jino, atasema na hilo. Baada ya hapo, basi.

Simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aurelia alisikia Beata anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuuliza kitu kwa mazoea kisha akakumbuka.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo," akasema Aurelia, maana ndilo neno lililokuwa karibu na mdomo. Kuku walikuwa wanaparua uani. Akatazama ndani ya nyumba, kiti kimoja, sahani moja, na akaona kwamba hana tena paka wa kumtanguliza mbele. "Hapana. Nimesema uongo. Nina upweke, Beata. Tangu ulipoondoka nina upweke, unaniuma kama jino, usiku na mchana. Nilikuwa sitaki ujue. Nilikuwa nakuletea habari za paka ili usije ukaniuliza mara ya pili."

Upande wa pili ukasikika mlango unafungwa.

"Na mimi, mama," Beata akasema, ile sauti ya kitawa imetoka yote, imebaki yake. "Na mimi hivyo hivyo, tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nilikuwa namuulizia paka."

Nadhiri zilikwisha fungwa na mama huyu alikuwa amekaa mbele akishuhudia. Hakumwambia rudi. Beata naye hakusema atarudi. Walikaa na simu masikioni, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyolia, mpaka salio likaisha.